Unabii Tulioandika Bila Kuusoma

Wenzangu mliobaki na chaki,

Mmeniomba niandike jinsi kazi ya kuwafundisha wachungaji na wainjilisti ilivyokuwa hapa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale kabla yenu. Nimekubali kwa sharti moja: msitarajie orodha ya vyeo. Nilianza nikiitwa Mama Mwalimu, nimemaliza nikiitwa Mama Mwalimu, na mshahara haukuwa mkubwa kiasi cha kustahili sentensi ya pili. Nimestaafu mapema, nikiwa na miaka hamsini na sita, kwa kuwa macho yamechoka kabla ya kichwa. Daktari wa macho kule Ruharo aliniambia nichague kati ya kusahihisha insha na kuendelea kuziona nyuso za watu. Nimechagua nyuso, ingawa ziko insha nilizozipenda kuliko nyuso kadhaa.

Nilifika kazini na cheti cha ualimu kutoka Bukavu na miaka michache ya kufundisha sekondari kule Uvira, kabla vita havijatuhamisha. Nilidhani nimejiandaa. Darasa lilikuwa kanisa la udongo lenye paa la mabati, mwendo mfupi kutoka Base Camp, penye ofisi za makazi, na ubao ulikuwa mbao nyembamba zilizopakwa unga mweusi wa betri zilizokufa, uliokorogwa na uji wa muhogo. Niwaambie mapema, maana hakuna aliyeniambia mimi: uji ukiwa mzito, rangi hubanduka kama ngozi ya mjusi, ukiwa mwepesi, chaki haishiki. Nilipoteza saa nzima ya siku yangu ya kwanza nikigundua hayo mbele ya watu ishirini na mmoja waliovaa suti.

Kabla sijafungua mdomo, mchungaji mmoja mzee alisimama akaomba. Alimwomba Mungu awalinde wote waliokuwamo dhidi ya elimu inayozima Roho. Aliomba kwa ufasaha na kwa muda mrefu, nami, kwa kutojua la kufanya, nikaitikia Amina. Nadhani mimi ndiye mwalimu wa kwanza aliyeidhinisha maombi dhidi ya somo lake mwenyewe.

Kisha nikawapa kazi: kila mmoja aandike kwa nini Mungu huruhusu wenye haki wateseke. Walikuwa watu waliozika watoto njiani. Walikuwa na haki ya kuandika juu ya swali hilo kuliko maprofesa wote ninaowajua. Wakaandika, wote ishirini na mmoja, sentensi ileile moja, kwamba njia za Mungu hazichunguziki. Nikakusanya karatasi zile kwa hasira nisiyoionyesha, nikaanza kufundisha kwa kasi, nikitaja mabaraza ya Kanisa la kale, mababa wa imani, mabishano ya karne kwa karne. Hakuna aliyeinua kalamu.

Nyuma kabisa alikaa mtu aliyetumwa kutoka Mbarara kuniangalia. Aliitwa Mwalimu Kabagambe, Munyankore, katekista asiye na joho, aliyetumia ujana wake kuwafundisha askari kusoma katika kambi ya Makenke. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha kambi: hakikujali ngeli, lakini sikuwahi kukiona kikikosa shabaha. Watu walipokwisha kutoka akanijia, akaketi kwenye benchi la mbele.

“Nyabo,” akasema, yaani bibi kwa lugha ya kwao, “wewe nasema mingi.”

“Somo ni refu, Mwalimu.”

“Somo hapana refu. Wewe nafundisha majibu, lakini nani aliuliza? Hakuna mtu aliuliza.”

“Hawaulizi kwa sababu wameambiwa kuuliza ni dhambi.”

“Basi umeona. Hawa watu hapana jinga. Iko na woga. Mtu ya woga, ukimpiga na kitabu, anakimbia na akili yake yote.”

Kisha akanipa kanuni ambayo niliitumia mpaka siku ya mwisho, isipokuwa mara moja, na ile mara moja ndiyo sababu ya waraka huu kuwa mrefu. Mtu akitaka kupinga neno, alisema, kwanza alitamke neno la yule anayempinga, tena alitamke vizuri mpaka mwenye neno aseme: ndiyo, ni hilo. “Kabla hajasema hivyo, wewe funga mdomo.” Nilipomwuliza aliipata wapi hekima hiyo, alishangaa. “Makenke. Askari Mkatoliki, askari Mprotestanti, wanabishana juu ya Maria, na kila moja iko na bunduki. Ungefanya nini?”

Nilijifunza kazi kwake kama fundi ajifunzavyo kwa fundi. Yeye ndiye aliyeanzisha maktaba ya sanduku: sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni, lililosafiri kutoka Mbarara juu ya gari la matoke na kuzungushwa makanisani. Vitabu vilinuka ndizi na kufunikwa na vumbi jekundu, lakini vilifika. Sharti la kuazima lilikuwa kwamba hakuna anayerudisha kitabu bila karatasi yenye swali moja ndani yake, swali ambalo kitabu hakikulijibu. Wengi walilichukia sharti hilo. Mchungaji mmoja alinirudishia historia ya Kanisa baada ya mwezi mzima, ikiwa safi kama alivyoichukua.

“Swali lako liko wapi, Mchungaji?”

“Sina swali, Mama Mwalimu.”

“Umekisoma?”

“Nimekiombea.”

“Nimekuuliza kama umekisoma.”

“Nilikiombea siku saba, nikapata amani ya kukirudisha.”

Nilicheka nilipofika nyumbani, si mbele yake. Hata hivyo ninaliona jambo lile kuwa zito. Katika miaka yangu nimekutana na Wakristo wachache sana walioharibiwa na elimu, na wengi sana walioharibiwa na uvivu uliojiita unyenyekevu. Tumeamriwa tumpende Mungu kwa akili zetu zote pia, na mtu asiyetumia akili aliyopewa hawezi kudai kwamba ameitoa sadaka, ameifukia tu. Hayo niliyafundisha kwa ukali, na kwa sehemu kubwa nilikuwa sahihi. Lakini mwenye akili naye ana dhambi yake, nayo hunoga zaidi kwa kuwa hufanana na wema. Hiyo nilifundishwa na mwanafunzi wangu bora.

Aliitwa Byamungu. Alikuwa mwinjilisti wa miaka thelathini hivi, mkulima kutoka upande wa Fizi, mwenye mke na mtoto mchanga. Alisoma kila kitu sandukuni, hata maelezo ya chini ya kurasa, na maswali yake yalijaa karatasi mbele na nyuma. Katika kanisa lake alikuwa na kazi nyingine: katibu wa chumba cha maombi.

Wenzangu mliokulia Uganda huenda hamwijui kazi hiyo. Katika makanisa mengi ya ndugu zetu kutoka Kivu, mtu akitoa unabii kwenye maombi, katibu huuandika daftarini, neno kwa neno, pamoja na jina la aliyesema na siku. Daftari hilo wao huliita kaye. Ni desturi nzuri, nayo imetoka mbali. Maandiko yanaagiza unabii upimwe, na haiwezekani kupima kitu kilichoyeyuka hewani. Kanisa la Byamungu lilikuwa na daftari nene, lenye kurasa zilizojazwa na makatibu wanne waliomtangulia. Lilihifadhiwa ndani ya mfuko wa nailoni, juu ya boriti, mbali na mchwa. Na tangu lianze kuandikwa hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kulisoma.

Maneno mengi mle yalikuwa ya mwanamke mmoja, Mama Zawadi, mjane aliyeuza unga wa muhogo, ambaye karama yake iliheshimiwa hadi vijiji vya mbali vya makazi yetu. Mwanzoni mwa mvua za Machi mwaka ule alitoa neno juu ya nyumba tatu: kwamba zitapanda ndege kwenda Amerika kabla ya maharage kutoa maua. Nyumba zile hazikulima. Majirani walipokuwa shambani, wao walikuwa kwenye mfungo, wakikunja nguo. Mmoja wao, Baba Amani, aliyagawa majembe yake, akisema kule aendako mashine ndizo zinazolima. Maharage yakatoa maua, yakazaa, yakavunwa. Ndege haikuja. Ilipofika Juni, mgawo wa chakula ukiwa umepunguzwa, watoto wa nyumba zile tatu walikuwa wakila mara moja kwa siku, nao wazazi wao walikuwa wakijilaumu kwa upungufu wa imani.

Ndipo Byamungu akaliteremsha daftari, akalisoma kuanzia ukurasa wa kwanza. Aliweka alama pembeni mwa kila unabii: uliotimia, usiotimia, usiopimika. Akaniletea siku ya Ijumaa. Nilikuwa nikisahihisha, na nadhani kalamu nyekundu mkononi ilichangia katika jibu langu.

“Mama Mwalimu, mingi sana haikutimia,” alisema. “Na watoto ba Baba Amani balilala njaa. Nifanye nini?”

Nilizipitia kurasa zile. Ilikuwa kazi safi, kazi ya mtu mwaminifu, na nilijiona ndani yake kama fundi ajionavyo kwenye kiti alichokitengeneza.

“Ukweli hauombi ruhusa,” nikamwambia. “Usome.”

Jumapili ile nilikwenda kanisani kwao kumsikiliza. Wakati wa ushuhuda ulipofika, Byamungu alisimama, akafungua daftari, akaanza kusoma unabii wa Mama Zawadi mmoja baada ya mwingine, na baada ya kila mmoja akasema: haukutimia. Mwanzoni watu walidhani ni aina ya ibada wasiyoijua, mmoja akaitikia haleluya. Kisha wakaelewa.

“Mutowe huyo!” mtu akapaza sauti.

“Mumuache asome! Tuko bajinga?”

“Anakosea Roho! Anamutukana Mama!”

Mama Zawadi alikuwa ameketi safu ya pili. Aliinuka, akajifunga vizuri kitenge chake, akatoka nje kwa mwendo wa polepole huku kanisa zima likimtazama. Nakiri kwamba wakati ule nilikuwa bado nikivutiwa na mpangilio wa hoja.

Mchungaji kiongozi, Mchungaji Mugisho, alimwamuru Byamungu ashuke, akamvua kazi ya uinjilisti palepale. Akatangaza kwamba baada ya siku kumi baraza la wazee litaketi kuamua kama atatengwa na ushirika, na kwamba hakuna mtu wa kanisa lile atakayekanyaga tena darasani kwangu. Mbele ya watu wote akanigeukia. “Tulikuletea mwana-kondoo, Mama Mwalimu. Umeturudishia mbwa mwitu mwenye kusoma.”

Kutengwa ni jambo zito popote, lakini mahali kama hapa ni zito zaidi. Kanisa ndilo ukoo wa mtu aliyeuacha ukoo wake ng’ambo ya mpaka. Ndilo linalomchumbia mtoto wako, linalokubebea mgonjwa, linalochimba kaburi. Mke wa Byamungu alianza kuchota maji peke yake. Siku ya nne akaja kwangu na mtoto mgongoni. Hakunilaumu. Aliniuliza kitu kimoja tu: “Mama, mutoto akigonjwa, nitaita nani?”

Kesho yake nikapanda gari kwenda Mbarara. Mwalimu Kabagambe alikuwa amekwisha kustaafu, akiishi nyuma ya kambi ya Makenke, miguu imevimba, redio iko sikioni. Nilimsimulia yote: daftari, alama, njaa, fahari ya ukweli, ujinga wa baraza. Nilikuwa nimeyapanga vizuri njiani. Akaizima redio.

“Huyo mama,” akasema, “alisema nini?”

“Alitabiri kwamba nyumba tatu—”

“Hapana. Baada ya kusomwa. Yeye mwenyewe alisema nini?”

“Aliondoka. Hakusema kitu.”

“Wewe ulikwenda kwake?”

“Hapana.”

“Byamungu alikwenda?”

“Hapana, Mwalimu.”

“Banange!” Aliiweka redio chini. “Nyabo, miaka kumi na tano. Nilikupa kitu moja tu. Kitu moja! Umefundisha kijana kupiga risasi, lakini hukumfundisha kuuliza kwanza: nani huko?”

Mkewe alileta chai. Niliinywa ikiwa ya moto mno, kwa sababu kuinywa kulinipa kisingizio cha kutosema. Sijawahi kukemewa kwa haki kiasi kile, na niliporudi njiani, gari likikata vumbi kuelekea Isingiro, nilihesabu ni mara ngapi nimelaani uvivu wa wasiosoma bila kuutaja uvivu wangu wa kutosikiliza.

Mama Zawadi nilimkuta uani, akipepeta unga. Sikukaribishwa kiti, nikaketi kwenye jiwe. Nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyemwambia Byamungu asome.

“Nilijua,” akasema. “Ile sauti haikukuwa ya mutoto. Ilikuwa ya kalasi yako.”

“Nimekuja kukuuliza, Mama, neno lako ni lipi. Sikukuuliza.”

Aliendelea kupepeta. Kisha akazungumza, nami naliweka neno lake hapa kwa kadiri ninavyolikumbuka.

“Banakuyaga hapa asubuhi, banakuyaga mangaribi. Banalia. ‘Mama, Mungu anasema nini juu ya dosiye yetu ya Amerika?’ Nikisema Mungu amenyamaza, banasema Mama amepoteza Roho. Siku ingine neno linakuya kweli, linaniunguza hapa,” akagusa kifua. “Siku ingine ni huruma yangu tu. Miye sijui kutenganisha kila mara. Sikusoma. Lakini nilisemaga nini, kila mara nikimaliza? Uliza wote. Nilisema: muandike, na bazee bapime. Miaka yote ile. Bazee balipima? Nani alikuya hapa kuniambia, Mama, hii ilitimia, hii hapana? Ningejirekebisha! Balinificha makosa yangu kama bale banaficha dawa mugonjwa. Halafu siku moja munanisomea yote mbele ya bantu, kama mwizi.”

Wenzangu, nilikuwa nimefundisha miaka kumi na tano nikiamini kwamba imani ya watu hawa inaikimbia akili. Na hapa palikuwa na mjane asiyejua kusoma ambaye kila juma aliiita akili ije ifanye kazi yake, na akili haikuja. Wazee walioweza kusoma hawakusoma. Mimi niliyeweza kuwafundisha kupima nilikuwa nikiwafundisha majina ya mabaraza ya kale. Imani ilikuwa imetimiza zamu yake. Sisi wenye vitabu ndio tuliokuwa tumelala.

Nilimpeleka Byamungu kwake alasiri ileile. Sitaandika waliyozungumza; nilibaki nje, na ninyi mtajifunza kubaki nje pia.

Baraza liliketi siku ya kumi, kanisani, milango ikiwa wazi, maana nusu ya kijiji walikuwa wamesimama madirishani. Mchungaji Mugisho alikuwa mtu mkali lakini si mwongo, na alinipa nafasi ya kuketi ingawa alinikataza kusema. Akamwuliza Byamungu kama anayo ya kujitetea.

“Kabla sijajitetea, Mchungaji,” Byamungu akasema, “naomba niseme neno la Mama Zawadi. Akisema nimekosea, nitanyamaza.”

Akalisema. Alisema juu ya watu wanaolia mlangoni, juu ya neno linalounguza na huruma inayofanana nalo, juu ya miaka ya kuomba apimwe bila mtu kumpima. Alilisema vizuri kuliko nilivyoliandika hapa. Alipomaliza, wote wakamgeukia mjane yule.

“Byo hivyo,” Mama Zawadi akasema. “Ni hivyo kabisa.”

“Basi neno langu ni hili,” Byamungu akaendelea. “Nilipaswa kwenda kwake kwanza. Sikwenda. Nilimwaibisha mama yangu, na naomba msamaha kwake na kwa kanisa.”

Minong’ono ya kuridhika ikapita. Mchungaji Mugisho akainama mbele. “Vizuri. Kwa hiyo unayafuta uliyosoma?”

Hapo nilishika ukingo wa benchi. Ilikuwa njia rahisi, pana, yenye mlango wazi. Angesema ndiyo, mkewe angechota maji na wenzake jioni ileile.

“Hapana, Mchungaji,” Byamungu akasema. “Namna niliyosoma ilikuwa mbaya. Niliyosoma ni kweli. Nikiyafuta, nitakuwa nimesema uongo mbele ya Mungu ili nibaki katika nyumba ya Mungu.”

Kelele zikaanza. Mzee mmoja akasema atengwe, amekwisha kujihukumu. Mwingine akasema ni shetani wa vitabu. Mchungaji Mugisho aliinua mkono kuwanyamazisha, na uso wake ulionyesha kwamba amekwisha kuamua. Ndipo Mama Zawadi aliposimama.

“Hiyo kaye iko wapi?”

“Mama, keti, jambo hili ni la wazee.”

“Mambo hayo ni yangu. Maneno yalitoka mu kinywa changu. Miye sikuyasikia hata siku moja tangu niliyasema. Anisomee.”

“Yote?”

“Yote. Muko na haraka ya kwenda wapi? Ndege haikufika.”

Watu walicheka, hata madirishani, na nadhani kicheko kile ndicho kilichomwokoa Byamungu, kwa maana ni vigumu kumtenga mtu baada ya kucheka naye. Akasoma. Alisoma kuanzia asubuhi hadi kivuli kikahamia upande wa pili wa kanisa. Baada ya kila unabii wake Mama Zawadi alisema lake. Kuna uliotimia, akafumba macho, akasema, “Hiyo nilipewa.” Kuna aliosema, “Hiyo ilikuwa huruma.” Kuna mmoja alioufikiria sana, akasema, “Hiyo ilikuwa njaa yangu miye,” na hakuna aliyecheka. Walipofika kwenye unabii wa nyumba tatu, Mama Zawadi hakusubiri Byamungu amalize.

“Baba Amani, uko hapa?”

“Niko, Mama.”

“Wewe na bibi yako mulilia sana siku ile. Nilitaka munyamaze kulia. Mungu hakusema. Ni miye nilisema. Unisamehe.”

Baba Amani, mtu mzima mwenye mvi, alilia kwa sauti. Baadaye aliniambia kwamba kilio kile kilikuwa cha kupumzika: kwa miezi miwili alikuwa ameamini kwamba Mungu alimwandalia ndege na yeye akaikosa kwa dhambi asiyoijua.

Mchungaji Mugisho akalichukua daftari mikononi mwake. Aliposimama hakutangaza hukumu. Aliwageukia wazee wake akauliza ni nani kati yao aliyewahi kulisoma daftari. Wakatikisa vichwa mmoja mmoja. Akasema yeye pia hakulisoma, na kwamba kama kuna wa kutengwa kwa sababu ya daftari lile, waanze na yeye. Byamungu akarudishiwa uinjilisti. Wazee wakaagizwa kwamba kila mwisho wa mwezi daftari lisomwe, wakianza kwa mwenye unabii nyumbani kwake, kabla halijasomwa mahali popote. Na kwa kuwa hapakuwa na mzee aliyejua kupima, wakaja darasani kwangu kujifunza, sita kwa pamoja, na suti zao. Mmoja wao alikuwa yule mchungaji aliyenirudishia kitabu alichokiombea, naye alikuwa mmoja wa baraza. Sasa ana maswali, tena mengi, na baadhi yake yananishinda. Msimkatishe akiuliza, yumo bado katika darasa lenu.

Mvua za Septemba ziliponyesha, nilikwenda kutazama shamba la Baba Amani. Nusu ya kanisa walikuwa mle wakilima kwa ajili ya nyumba zile tatu, Byamungu akiwa kwenye mstari wa mbele, ameweka daftari kwenye mfuko wa nailoni penye ukingo wa shamba, kwa sababu kazi ya ukatibu nayo alikuwa amerudishiwa. Mama Zawadi alifika na jembe begani. Baba Amani alimwona akasimama wima, na mazoea ya miaka mingi yakamponyoka mdomoni.

“Mama, Mungu anasema nini?”

Wote wakaacha kulima. Mama Zawadi aliutazama udongo, akautazama mfuko wa mbegu za maharage.

“Anasema mulime.”

“Hiyo niandike?” Byamungu akauliza, na sikujua kama alikuwa akitania.

“Andika,” akasema Mama Zawadi, akiteremsha jembe. “Na mukivuna, mukuye nyumbani, muniambie.”

Desemba walivuna. Wakaenda wakamwambia.